Namna ya kuchagua pahali pazuri pa kupiga foto ya gari ya moshi porini



Tangu foto tatu za gari ya moshi zilipobandikwa karibu na mulango wa chumba cha kulia, wengi wananisimamisha njiani na kuuliza: "Yaya, ulitumia aparei gani?" Ulizo si baya, lakini ni ulizo la pili. La kwanza ni hili: "Ulisimama wapi?" Aparei ni ile ndogo ya shule yenye mwalimu wetu wa fizika anatuazima, ile ile iliyotoa foto nyeusi kama makala mwaka uliopita. Aparei haikubadilika. Kilichobadilika ni pahali pa kusimama. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti letu. Foto zenyewe hamtaziona hapa, kwa maana mashini yetu ya kuchapa inageuza kila foto kuwa doa la wino. Someni hapa, kisha mwende kuangalia kwenye mulango.

Kwanza tuijue reli yenyewe. Ile inayopita nyuma ya mashamba yetu inatoka Lubumbashi, inapita Likasi, na kufika Tenke. Pale Tenke inagawanyika: tawi moja linakwenda Kolwezi na Dilolo, lingine linapanda Kamina na kuendelea mbele. Gari ya moshi ilifika Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mwaka 1910, ikitokea upande wa Sakania. Nafasi kati ya vyuma viwili ni milimita 1 067, kipimo kile kile cha Zambia, Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Hivi vagoni ya kule inaweza kufika huku bila mizigo kupakuliwa mpakani. Na kipande hiki cha Likasi mpaka Tenke ndicho kilichotangulia kupata umeme, mwaka 1952. Wazee wengi wa huku wanaendelea kusema "gari ya moshi" hata wakati masini ya kuvuta haina moshi wowote, nami nitasema vile vile.

Siku hizi malori ndiyo yanabeba sehemu kubwa ya madini, na gari ya moshi ni ya kungojea. Mutu anayetaka kupiga foto asifikiri atakuta saa iliyoandikwa. Anaweza kuuliza kwenye gare kama kuna treni iliyokwisha kuondoka Likasi ao Tenke, na kama ukiuliza kwa heshima utajibiwa. Lakini alama niliyoona kuwa ya kweli zaidi ni wamama. Ukiona wamama wanapanga mifuko ya makala na ndizi kando ya gare, treni ya wasafiri haiko mbali. Wamama hawapotezi siku yao bure.

Sasa tuingie katika fundisho. Kosa langu la kwanza lilikuwa la jua. Katika biblioteki yetu kuna kitabu cha Kifaransa cha mambo ya foto. Kinasema usimame upande wa kusini wa kitu, jua liwe nyuma yako. Miye nilitii. Ilikuwa mwezi wa sita. Nilisimama kusini ya reli karibu saa tano ya mchana, treni ikapita, na foto ikatoa ukuta mweusi na mbingu nyeupe. Nilifikiri aparei imeharibika. Mwalimu wa fizika alicheka, akaniuliza kitabu kiliandikwa wapi. Kiliandikwa Ulaya, na kule jua la saa sita liko upande wa kusini siku zote. Kitabu hakikusema uongo. Ni miye niliyekisoma kama vile niko Paris.

Sisi tuko karibu digrii 11 kusini ya ikweta. Hivi, tangu mwisho wa mwezi wa pili mpaka karibu tarehe 20 ya mwezi wa kumi, jua la saa sita linapita upande wa kaskazini. Mwezi wa sita liko chini zaidi, digrii karibu 55 tu juu ya upeo, na upande wa kaskazini wa vagoni unaangaa vizuri. Kisha, tangu mwisho wa mwezi wa kumi mpaka mwezi wa pili, linapita kusini, lakini juu sana: katika mwezi wa kumi na mbili liko digrii 78, karibu na utosi wa kichwa. Jua la namna ile ni baya, kwa maana kivuli kinaanguka chini ya vagoni na macho ya watu yanageuka mashimo. Wakati ule afazali kupiga foto asubuhi mbele ya saa tatu, ao jioni baada ya saa kumi.

Kama hesabu za digrii zinakuchosha, shika neno hili moja: simama kando ya reli na uangalie kivuli chako mwenyewe. Kama kivuli kinaelekea reli, uko upande unaofaa. Kama kinaelekea porini nyuma yako, ingojee siku nyingine, lakini usivuke reli mbio mbio wakati treni imekwisha kusikika.

Kuna tena uso wa masini. Treni inayotoka Likasi kwenda Tenke inaelekea karibu magharibi. Asubuhi uso wake uko ndani ya kivuli, jioni unaangaa. Ile inayotoka Tenke ni kinyume. Lakini reli inapindapinda, kwa hiyo usiamini karta peke yake. Enda na miguu uone.

Kosa langu la pili si la jua, na ni juu ya kosa lile ninaandika leo.

Mwaka uliopita, mwezi wa tano, nilipewa ruhusa ya kupeleka wadogo wane matembezi ya siku ya posho. Nilijua pahali reli inapita katikati ya kilima kilichochimbwa, kuta mbili za mawe mekundu kushoto na kuume, majani yakiangukia juu. Nilikuwa nimepaona mara moja tu, kwa mbali, nikasema: pale treni itatoka kama simba katika pango. Hakuna mutu aliyenituma. Nilitaka foto ile.

Tuliingia ndani ya njia ile ya mawe karibu saa ine ya asubuhi. Nafasi kati ya reli na ukuta ilikuwa ndogo, mutu mumoja mwembamba. Niliona hivyo na nikanyamaza. Mudogo wetu, wa darasa la kwanza, aliomba kushika aparei, nikamupa. Alisimama karibu na chuma, akiangalia katika kioo kidogo cha aparei. Siye wengine tulikuwa tunasikiliza. Tulizoea mulio wa dizeli, yenye inasikika toka mbali kama mutu anakohoa. Siku ile masini ilikuwa ya umeme, na upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yetu. Hatukusikia kitu. Treni ilitokea kwenye mapindo kimya, kama vile mulima umefunguka.

Nilipaza sauti: "Toka mu njia!" Mutoto hakutoka. Alijibu bila kuinua macho: "Yaya, iko mbali bado!" Nilimukamata kwa shati, vifungo viwili vikaruka, aparei ikaanguka katika mawe, na wote watano tukajibandika kwenye ukuta. Vagoni zilipita. Sikuzihesabu. Upepo wake ulikuwa unavuta nguo zetu upande wa magurudumu. Mutu mumoja aliyekaa juu ya mizigo alitutukana mpaka aliposhindwa kusikika, na nilikubali kila neno.

Jioni tuliangalia foto. Mutoto alikuwa amefinya mara moja. Katika foto ile masini ni ndogo kama sanduku la kiberiti, mwisho wa njia ndefu. Hivi hakudanganya: machoni pake ilikuwa mbali kweli. Jicho la aparei ndogo, na la telefone vile vile, limetengenezwa kusudi lichukue mambo mengi kushoto na kuume. Kwa hiyo kila kitu kilicho mbele kinaonekana kidogo na mbali kupita vile kiko. Baadaye nilirudi na mwalimu, tukapima kutoka juu ya kilima. Kutoka mapindo mpaka pahali mutoto aliposimama ni karibu mita 60. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, mita 60 ni segonde tano na nusu. Jaribu kuhesabu segonde tano na nusu, ukijua kwamba treni ya mizigo inahitaji mamia ya mita kwa kusimama, hata kama machiniste amekuona.

Nilienda kwa Bwana Prefe mwenyewe, mbele wadogo hawajasema. Adhabu yangu sitaieleza. Lakini aliniuliza neno moja: "Ulipoingia pale, ulikuwa umetazama pa kutokea?" Sikuwa nimetazama.

Kutoka siku ile ninachagua pahali kwa kuanza na nyuma yangu. Ninasimama, ninageuka, ninauliza: treni ikifika sasa hivi, na mutoto aliye muzito zaidi kati yetu akiteleza, tutaenda wapi? Kama jibu ni "kuvuka reli", pahali pale ni pabaya, hata kama foto yake ingekuwa nzuri kupita zote. Njia ya kilima kilichochimbwa ni pabaya. Daraja ni pabaya mara mbili. Kati ya reli mbili karibu na gare ni pabaya, kwa maana ukikimbia moja unaingia nyingine. Tuta refu la mawe linadanganya, kwa sababu mawe yanateremka pamoja na mguu wako. Hatua ishirini kutoka chuma ni kipimo changu kidogo zaidi. Nyingi kuliko hizo ni vizuri, na foto haipotezi kitu, inapata miti na mbingu.

Juu ya nyaya nataka kusema wazi. Umeme wa ule waya ni volti 25 000. Umeme wa namna ile haungoji uuguse; unaweza kuruka. Basi wala mutu wala fimbo, wala tawi, wala kitu chochote kisikaribie waya kwa mita tatu. Usipande nguzo, usipande juu ya vagoni iliyosimama. Na hata ukiona dizeli ndiyo inavuta siku ile, usiseme waya umekufa. Uhesabu sikuzote kwamba uko muzima.

Sasa, pahali pazuri ni pa namna gani? Miye ninapenda pahali tatu zikikutana: reli inapinda kidogo kuelekea kwako, kusudi uone treni yote na si masini tu; reli inapanda, kusudi treni iende polepole; na wewe uko juu kidogo, kusudi majani yasifunike magurudumu. Angalia pia nguzo ziko upande gani. Reli yetu ni moja, na nguzo zimesimama upande moja. Kama jua linakubali, kaa upande usio na nguzo.

Jambo la kuwa juu ndilo gumu, kwa sababu majani hayakai hali moja. Mwisho wa mvua, mwezi wa tatu na wa ine, yanapita kichwa cha mutu. Hewa ni safi wakati ule, mbingu imeoshwa, lakini ukisimama chini utapiga foto ya majani. Mwezi wa nane na wa kenda moto umekwisha kuteketeza majani, reli inaonekana vizuri, lakini moshi na vumbi vinageuza kila kitu kuwa rangi ya maziwa. Niliteseka na jambo hili mpaka muzee mumoja wa mugini, aliyetumika miaka mingi katika kazi ya kutengeneza reli, aliniambia kwa kucheka: "Weye unatafuta mulima, na kichuguu kiko mbele yako."

Ni kweli. Katika inchi yetu ya Katanga Mungu ametupa vichuguu vya mchwa vikubwa kama nyumba, mita ine, mita tano, na vingine kupita. Kichuguu tulichochagua kiko kaskazini ya reli, hatua karibu arubaini kutoka chuma, na mapindo yako mbele yake. Nyuma yake kuna njia ya miguu ya kurudi shamba bila kuvuka reli. Juu yake kuna nafasi ya watu watatu. Foto zote tatu za kwenye mulango zilipigwa pale, mwaka huu, mwezi wa ine, kati ya saa tisa na saa kumi na moja ya jioni, treni zikitoka Likasi. Linganisheni na maneno niliyosema juu ya jua, mutaona sababu.

Lakini kichuguu kina mwenyewe. Watu wanalima juu yake, kwa maana udongo wake ni muzuri. Tulikwenda kwanza kumusalimia mama mwenye shamba, tukamueleza. Aliuliza kama tutauza foto zake. Tulisema hapana, na tukamuletea moja yenye anaonekana amesimama na jembe. Tangu siku ile yeye ndiye anatuambia treni gani ilipita jana.

Na barua musisahau. Daraja, gare, kiwanja cha ndege na kambi ya askari si vitu vya kupiga foto ovyo katika inchi yetu. Mwenye mamlaka akikukuta na aparei karibu na reli, ana haki ya kuuliza, na jibu "ninapenda treni" halimutoshi. Siye tunabeba barua ya Bwana Prefe yenye muhuri, majina yetu na tarehe, na tunaionyesha kwa chifu wa mugini na kwa mukubwa wa gare mbele ya kuombwa. Hata na barua, hatupigi foto ya gare wala ya daraja. Porini panatosha.

Kwa wenye kupenda hesabu, zoezi hili linafaa kabisa. Tulipima nafasi kati ya nguzo mbili, tukitembea katika njia ya miguu ya pembeni na si juu ya reli: mita 55. Kutoka juu ya kichuguu tulihesabu ginsi uso wa masini unavyotoka nguzo hata nguzo: segonde tano. Mita 55 kugawanya na 5 ni mita 11 kwa segonde, karibu kilometa 40 kwa saa. Sasa, kama aparei inafungua jicho lake kwa sehemu ya 1/50 ya segonde, treni inatembea sentimita 22 wakati jicho liko wazi, na namba za masini hazisomeki. Kwa 1/500 inatembea sentimita mbili tu. Ndiyo faida ya jua la kutosha: linaruhusu jicho lifunguke kidogo. Na treni inayokuja ikielekea upande wako inachafuka kidogo kuliko ile inayokatiza mbele ya uso wako. Hiyo ni faida ingine ya mapindo. Wenye telefone isiyoonyesha sehemu za segonde wapige treni ikiwa bado ndani ya mapindo, si wakati inapita mbele yao.

Neno moja la huzuni. Wenye kuchoma matofari wamekwisha kukata nusu ya kichuguu chetu. Sina neno nao, udongo ule unatoa matofari magumu, na pengine nyumba ya mutu kati yenu itajengwa nao. Lakini juu yake leo hapana nafasi ya watu watatu, na upande wa reli kimekuwa ukuta unaobomoka. Nimekataza wadogo kukipanda. Kuna kingine, mbele kidogo upande wa Tenke, lakini kiko kusini ya reli, basi kitafaa zaidi katika miezi ya mvua kubwa. Sijui bado kama kina njia ya nyuma. Siku ya posho ya pili ya mwezi ujao nitakwenda kukiangalia, bila aparei kwanza, na nafasi ni ya watu watano tu. Wenye kutaka waandikishe majina kwangu mbele ya siku ya ine, na kila mumoja alete viatu vya kufunga na fimbo fupi ya kupimia kivuli. Tutarudi mbele ya sala ya jioni.